Sahani Aliyoikataa Hironimus

Hironimus ni Mmatengo na mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ukitaka kumweleza lazima umtukane kwanza. Basi nimtukane. Miguu yake ni mipini ya jembe, masikio yake ni mapana yanaweza kupepeta mchele, na siku ya kwanza nilipokula nyumbani kwake ugali ulikuwa mgumu mpaka nikamwambia marehemu Suzana, mkewe, kwamba huu tukimrushia mbwa anakufa. Nimemaliza. Sasa nieleze habari zake, maana yeye mwenyewe hazielezi tena, na sababu mtaiona huko mbele.

Alikuja Songea kijana, akitoka milimani kule Mbinga, kufuata kazi ya kufunga marobota ya tumbaku kiwandani. Ulikuwa ukipita karibu naye unapiga chafya. Kiwanda kikafungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, na kila kilipofungwa waliambiwa subirini. Wenzake walisubiri. Wapo waliokufa wakisubiri. Hironimus hakusubiri. Alimchukua Suzana wakateremka chini ya mtaa wetu, kwenye ule mteremko ambao hakuna mtu aliyekuwa anautaka, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wote unakwenda bondeni. Alimwomba mwenyekiti wa zamani hizo, naye akamjibu, "Lima, kama unaweza kulima ukuta."

Akaulima ukuta. Alifyeka majani, akayalaza chini kwa mistari inayokatana kama madirisha, na Suzana akawa anachimba udongo katikati ya kila dirisha na kuyafunika majani. Kwao wanaita ngoro. Kazi ikiisha, mteremko mzima ni mashimo na kingo, mashimo na kingo, na mvua ikija inakaa mle shimoni haina pa kukimbilia. Mimi nilisimama juu njiani nikamwambia, "Mtani, unawachimbia panya makaburi?"

"Nawachimbia Wangoni," akasema. "Mkichoka kuchungulia wenzenu wakilima mtakuja kuniomba maharage."

Tulikwenda kumwomba maharage. Miaka yote tulikwenda. Na kwa kuwa udongo wa juu ulitulia, bonde nalo la chini likatulia, na sisi wanawake wa mtaa tukapata mahali pa kulima mboga kiangazi. Kila mmoja na matuta yake. Zulfa, mama mmoja wa Tunduru aliyeolewa huku, alikuwa na mchicha. Mimi nilikuwa na vitunguu. Jane, binti wa Hironimus, alipoachika akarudi kwa baba yake na watoto, naye alipewa kona yenye maji, akawa anapeleka sukumawiki na nyanya sokoni Lizaboni kila asubuhi. Nyumba ile ilikula kwa kona ile na ule mteremko. Haikuwa na kitu kingine. Hilo mlishike.

Sasa kuna jambo moja la kwao ambalo nalo mlishike. Hironimus alilelewa kwenye sengu. Sengu ni wazee wa ukoo kukaa jioni kwa babu mmoja na kula pamoja, kila nyumba inaleta chungu chake. Hapo ndipo mambo yote yalipoamuliwa, ya mipaka, ya ndoa, ya mbuzi aliyekula shamba. Lakini, anasema yeye, kwenye sengu mtu hapigi kelele kwamba anakataa. Kupiga kelele ni utoto. Anayekataa hali. Tonge likikataliwa na mtu mmoja tu, neno halijaisha, linalala pale pale mpaka kesho, na kesho kutwa, mpaka wamtafutie njia. Na siku akila, basi. Limekwisha. Aliyekula halifufui tena neno lile mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akitusimulia hayo tukimenya maharage, na mimi nikimwambia ndiyo maana Wamatengo wembamba.

Makaa ya mawe ndiyo yaliyoleta yote. Malori yalipoanza kupita na makaa kwenda bandarini Mtwara, mwanzoni watoto walikuwa wanayahesabu. Baadaye waliacha, hayahesabiki. Madereva wakawa wanalala barabarani, magari yamepangana kama ng'ombe mnadani, na ikasemwa inatakiwa yadi. Ikatafutwa sehemu. Ikaonekana chini ya mtaa wetu kuna "eneo la wazi".

Eneo la wazi ni sisi.

Mwenyekiti wetu sasa ni Remmy. Remmy nilimkogesha mimi siku aliyozaliwa, mama yake hana nguvu, kwa hiyo nikimtazama amevaa koti naona kile kitoto chekundu kinalia. Alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kutangaza mkutano. Alipofika kwa Hironimus alisema, "Shikamoo baba. Kesho kutwa kuna mkutano na chakula kitakuwepo. Pilau na soda. Kampuni inagharamia."

Hironimus akaitikia marahaba, akamkaribisha kiti, akamsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Remmy alipopotea kwenye kona, mzee akavaa viatu. Akapita nyumba zile zile alizopita Remmy. Kwangu aliingia bila hodi.

"Mtani, kesho kutwa msile."

"Pilau nisile? Una wazimu."

"Wakitupa chakula baada ya maneno, wanataka kulifunga. Tusipokula mtaa mzima, halifungwi. Hawawezi kuchukua bonde neno likiwa wazi."

"Si tusimame tuseme hatutaki?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Kusema, mlevi naye anasema. Asiyekula ndiye aliyesema."

Nikamwambia hayo ni ya kwenu milimani, hawa ni watu wa ofisi. Akasema Remmy mama yake ni Mmatengo, anajua. Ni kweli mama yake alikuwa Mmatengo.

Siku ya mkutano tulijaa. Pamela, mtendaji wa mtaa, alikaa mezani na kalamu zake. Alikuja bwana mmoja wa kampuni, kiatu chake kimechongoka mbele kama jembe jipya. Nyuma ya ofisi masufuria yanafuka, na harufu ya pilau ile, jamani, mimi nimekula pilau za harusi za wakubwa lakini ile ilikuwa inakuita kwa jina lako. Zulfa aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Wallahi mdalasini huo umetiwa kwa makusudi."

Remmy akaongea. Maendeleo yamekuja yenyewe kwa miguu, tusiyafukuze. Yadi italeta taa, na taa zitaleta usalama, maana bondeni wanajificha wezi. Vijana watapata kazi. Zahanati itafikiriwa. Wezi wa bondeni sikuwahi kuwaona, labda walikuwa wanaiba vitunguu vyangu kwa adabu nisijue.

Halafu akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Kimya. Mtaa mzima kimya kama kanisani kabla ya mageuzo.

"Mwenye kupinga anyooshe mkono."

Mkono wangu uliwasha. Nikamtazama Hironimus. Alikuwa amekaa wima, mikono kwenye magoti, ametulia kama mtu aliyeshika karata zote. Akanitikisia kichwa, usifanye.

"Basi tunashukuru kwa umoja wenu," Remmy akasema. "Karibuni chakula."

Hakuinuka mtu. Hata watoto mama zao waliwashika makwapani. Kisha Hironimus akasimama, akaenda polepole mpaka mezani, akachukua sahani ya juu, akaigeuza kifudifudi, akaiweka. Akaondoka. Na sisi wote tukaondoka nyuma yake. Sijawahi kuona kitu kama kile Songea. Watu wenye njaa wameacha nyama, wanatembea kwa miguu yao kurudi kula dagaa wa Nyasa waliolala. Njiani Hironimus alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pua. Nikamwambia, "Leo umenifanya nikose pilau, Mmatengo, utanilipa." Akasema, "Nitakulipa na bonde."

Pilau walikula vijana wa bodaboda wa barabarani, mpaka ukoko.

Vigingi tuliviona kabla maharage hayajakauka. Vyekundu, vimepita katikati ya ngoro za Suzana, vimepita kwenye nyanya za Jane. Hironimus alifikiri wamekosea. Kweli kabisa alifikiri hivyo. Akanipitia twende wote ofisini tukawasaidie, maana labda hawajaambiwa kwamba neno bado.

Pamela alitupokea vizuri, alituamkia, akatupa viti. Hironimus akaeleza. Pamela akasikiliza mpaka mwisho, kalamu kidevuni.

"Baba, mkutano ulipitisha," akasema.

"Ulipitisha nini, na hatukula?"

"Samahani?"

"Hatukula. Mtaa mzima. Sahani niligeuza mimi, mbele ya macho yenu."

Pamela alitoka kwao Dodoma huko, hakuwa na kosa la kutojua. Alimgeukia Remmy aliyesimama mlangoni. Remmy alitazama chini. Hapo nikajua kwamba anajua. Alijua siku ile, alijua tangu sahani ilipogeuzwa.

"Baba Hironimus," Remmy akasema taratibu, "kwenye muhtasari hatuandiki nani kala na nani hakula. Tunaandika waliopinga. Hakuna aliyepinga."

"Remmy. Mama yako alikuwa nani?"

"Baba, tusiende huko."

"Nauliza, mama yako alikuwa nani?"

"Mama yangu amekufa," Remmy akasema, "na mimi nina mtaa wa kuongoza."

Nikamwambia, "Nilikukogesha kwa bahati mbaya, ningekuacha na uchafu wako." Pamela akasema mama, lugha. Nikamwambia lugha ninayo hii hii moja. Tukatoka. Hironimus alishika ukuta wa ofisi kidogo, kama mtu aliyeshuka kwenye gari la mbali. Akaniambia, "Kumbe ungenyoosha ule mkono." Mtu akishaanguka humwambii nilikwambia, hata kama ulimwambia.

Fidia haikuwepo, maana eneo la wazi halina mwenyewe.

Lakini alikuwa na tumaini bado, mzee yule. Uchaguzi wa mitaa ulikuwa unakaribia, na akasema vizuri, kama wanataka maneno, tutawapa maneno. Tukatafuta wa kushindana na Remmy, wakapatikana wawili. Mmoja akaambiwa hakujaza sawasawa. Mwingine aliondolewa sikuambiwa kwa nini, naye mwenyewe alipoulizwa alisema niacheni nina watoto. Akabaki Remmy peke yake. Tukaambiwa tuchague: ndiyo, au hapana.

Mtu mwingine angekata tamaa. Hironimus alifurahi. "Mtani, umeona? Wameniandikia neno lenyewe. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kulisema, wao wameliandika." Alivaa koti la Jumapili. Alipanga foleni tangu alfajiri na akawa anawaamkia watu wote wa bondeni, mmoja mmoja. Na wote walimwambia, mzee, tuko pamoja.

Jioni matokeo yakasomwa. Ndiyo zilikuwa nyingi, hapana zilikuwa chache. Mimi sisemi waliiba. Watu wengine wanasema, mimi sikuwepo ndani. Ninasema tu kwamba usiku ule Zulfa hakupita kwangu kuomba moto kama kawaida yake, na kesho yake nilipomfuata alikuwa anachambua mchicha amenipa mgongo.

"Zulfa, ulisema nini kwenye karatasi?"

"Karatasi ni siri."

"Zulfa."

Akageuka, macho yamejaa. "Iddi ameahidiwa ulinzi wa getini, bibi. Mwanangu yupo tu nyumbani tangu amalize shule, anakaa na wahuni. Ungekuwa wewe ungesemaje? Heri mchicha uniozee, Iddi asiniozee."

Nilimwacha. Ningemtukana, lakini si mtani wangu, na alikuwa amesema kweli. Hironimus aliponiuliza, "Nani hao waliosema ndiyo?" nilimjibu, "Si uliwaamkia kwenye foleni." Akatingisha kichwa muda mrefu.

Greda lilikuja na gari la askari nyuma yake, kwa ajili ya amani, walisema, na kweli hakuna aliyepigwa, hilo niseme. Hironimus alishuka akakaa ndani ya ngoro moja, shimoni, magoti yamefika kidevuni. Hakusema kitu, hakushika hata jiwe. Askari mmoja akamwamkia shikamoo, akamwomba atoke. Aliitikia marahaba na hakutoka. Ikabidi Jane ateremke. Akapiga magoti ukingoni. "Baba, toka. Watoto wanakuona." Watoto walikuwa wamesimama juu njiani na begi za shule. Ndipo akampa Jane mkono. Kazi ambayo Suzana aliifanya kwa miaka, greda liliimaliza kabla chai haijachemka, na sikuona haya hata kidogo kulia mbele ya askari.

Wakazungushia uzio. Taa zilikuja kweli, kubwa, zinamulika mpaka kitandani kwangu, lakini njia yetu ya mtaa bado giza. Kazi walipata Iddi na wenzake wachache, na sasa wezi wapo kweli, wanafuata mafuta ya malori. Zahanati bado inafikiriwa.

Hironimus alianza kwenda kwenye uzio kila asubuhi. Iddi alikuwa getini na rungu lake na sare kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo babu. Babu, usinifukuzishe kazi."

"Nimekuja kuangalia maharage."

"Babu, hamna maharage. Kokoto hizo."

"Nimeona. Naangalia."

Na mahali popote alipokuwepo Remmy, Hironimus hakula. Msibani hakula. Kipaimara cha watoto, hakula. Kwenye jumuiya, tukigawana chai na mihogo baada ya sala, yeye anashika kikombe mpaka kinapoa anakirudisha. Watu wakaanza kumcheka, wakamwita mzee wa mfungo, halafu wakachoka hata kumcheka. Mtaa mzima neno lilikuwa limewaishia. Lilibaki wazi kwake peke yake, na alikuwa anakonda nalo.

Nyumbani kwake nako hakukuwa na kitu. Jane alikuwa anafulia watu nguo. Kisha akapata wazo la kuuza chai na chapati kwa madereva mle ndani ya yadi, ambako ndiko kwenye wateja. Akaenda kuomba kwa Remmy. Remmy hakumkatalia. Alimwambia tu, nafasi ni chache, na kampuni haipendi nyumba zenye kinyongo. Uzinduzi utakuwepo, mgeni rasmi anakuja. "Mzee aje akae na wazee wenzake. Aje ale."

Alisema hivyo. Aje ale. Mtoto wa mama Mmatengo.

Jane alimweleza baba yake mbele yangu, anaangalia chini, anafinya kanga. Hakumwomba. Alieleza tu. Hironimus akamuuliza, "Watoto wamekula?" Jane akasema wamekunywa uji. "Asubuhi au sasa?" Jane akasema asubuhi.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai, ngoma ya lizombe na spika zinakoroma. Wazee tuliwekwa mbele, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa. Remmy mwenyewe alileta sahani ya Hironimus, kwa mikono miwili, amepinda goti. Pilau, nyama juu. Na mahali tulipokuwa tumekaa, nilipapima kwa macho kutoka kwenye barabara, palikuwa kwenye kona ya Jane, penye maji. Walikuwa wamemwaga zege.

Hironimus akaomba maji, akanawa, polepole, mpaka viwiko. Akafanya ishara ya msalaba.

"Mtani, usile," nikamwambia.

"Nakula ili liishe."

"Acha lisiishe! Limemsumbua nani?"

"Watoto," akasema. Akachukua tonge la kwanza. Akatafuna kama mtu anayetafuna mchanga, akameza. Akanitazama. "Kula na wewe, mtani. Usiniache nimekula peke yangu."

Sahani yangu ilikuwa magotini. Mimi ni Mngoni, kwetu kula ni kula, hakufungi kitu. Ningeweza kula na kesho nikaendelea kuwatukana. Lakini nilikaa nayo vile vile mpaka mafuta yakaganda, mpaka Pamela akaja akaichukua. Hironimus alimaliza yote. Alisafisha sahani kwa kidole kama walivyofundishwa kwao, akaiweka chini, haikugeuzwa. Remmy alikuwa amesimama pembeni anatazama. Sikumwona akifurahi.

Jane alipata nafasi yake mle ndani. Aliuza chai miezi kadhaa, halafu kampuni ikaleta kantini yake, wauza chai wote wakatolewa nje ya geti. Sasa anapanga chapati kwenye ndoo barabarani, kwenye vumbi la makaa, na mgambo wakipita anakimbia nazo.

Nilimwendea Hironimus siku ile walipomtoa Jane. Nikasema twende, mtani, safari hii mimi ndiye nitakayesema, wewe simama tu karibu. Wamekula ahadi yao, nasi tunayo haki ya kuwarudia. Alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharage ya dukani, anatoa vijiwe. Zamani maharage yake hayakuwa na vijiwe.

"Nilishakula," akasema.

"Wamekudanganya!"

"Nilishakula, mtani. Kaa tuchague maharage."

Sijamsikia kulitaja tena bonde, wala ngoro, wala sahani. Watoto wa Jane wakimuuliza shamba la bibi lilikuwa wapi, anasema waulizeni wakubwa. Ndiyo maana nimeandika mimi, kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Yeye amefungwa na lile tonge. Mimi sikula.